Ndama Asiyelambwa Hasimami

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu ni ile niliyopanda kilima cha Kibabi nikiwa na kitanda kichwani.

Kilikuwa kitanda kidogo, cha mtoto ambaye alikuwa bado hajazaliwa. Nilikitengeneza mwenyewe kwa mbao nilizopasua na wenzangu, nikazipiga randa mpaka ukipitisha shavu juu yake hupati hata kibanzi kimoja. Kilikuwa na miguu minne na ukuta wa fito pande zote ili mtoto asianguke. Watu waliacha majembe mashambani wakaja njiani kutazama. Mzee mmoja aliniuliza kama ni tundu la kuku.

"Hapana, Papa," nikamjibu. "Ni kitanda ya mutoto wangu. Mutoto wangu hatalala ku mugongo ya muntu."

"Basi atalala ku mugongo ya muti," akasema, na watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejaa fahari hadi kooni, na mtu aliyeshiba fahari hasikii njaa ya akili.

Acha kwanza nikuambie nilikuwa nani, maana nasaha ya mtu usiyemjua ni kama uyoga wa njiani, huli kabla ya kuuliza. Shule ya misioni niliiacha mwaka wa tatu. Sikufukuzwa. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara, na kila gari lililopita lilinivuta kuliko ubao. Nilitaka kujua yanakwenda wapi, basi nikayafuata. Nilipakia magunia ya samaki ziwani Bweremana, nikachuma pareto kwenye mashamba ya Wazungu, nikaponda mawe ya barabara, nikashuka hadi misitu ya Walikale kukata kuni katika kambi ya wachimba madini. Kila mahali niliuliza kwa nini hiki, kwa nini kile. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami nakubali mpaka leo. Ila hawakuniambia kwamba mtu anaweza kuuliza maswali mia na akasahau lile moja lenye maana.

Huko Walikale, kila asubuhi nilipeleka kuni nyumbani kwa Mzungu, mkubwa wa kambi. Mke wake alikuwa amejifungua. Nilipopita na mzigo wangu nilimwona mtoto dirishani: mnene, mwekundu kama nyanya, amelala peke yake katika kitanda cha fito, chumba kizima chake. Hakuna aliyembeba, wala mkono wa mtu juu yake. Nikasimama pale kuni zikinikata bega, nikawaza: kumbe siri yao ni hii! Hawa wanaotoboa milima na kupitisha barabara penye mawe, nguvu yao imetoka hapa. Tangu siku ya kwanza hawashikwishikwi. Sisi tunawabeba watoto wetu kama mizigo ya viazi, kisha tunashangaa wakikua wakitafuta mgongo wa kupanda. Nikaificha fikra hiyo moyoni kama mtu aliyeokota jiwe la thamani. Sikuwa nimefika hata miaka ishirini na mitano.

Nilirudi milimani nikaoa. Mke wangu aliitwa Faida. Mimi ni mtoto wa wakulima, na yeye alitoka kwa wafugaji wa upande wa Mushaki, watu wanaouza maziwa kando ya barabara na kumjua kila ng'ombe wao kwa jina. Faida alikuwa mpole wa maneno, lakini macho yake yalisema sana. Laiti ningejua kuyasoma, nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia leo.

Alijifungua mvua zilipoanza. Mtoto wa kike. Tukamwita Riziki.

Nikatoa amri zangu. Mtoto asibebwe mgongoni. Alale kitandani mwake, mchana na usiku. Na anyonye kwa saa. Saa sikuwa nayo, lakini ng'ambo ya bonde kulikuwa na shamba la pareto lililopiga kengele mara nne kwa siku, kuwaita vibarua na kuwaachia. Nikasema mtoto atanyonya kengele ikilia. Akilia yeye kabla ya kengele, aachwe, atazoea.

Jirani yetu Mama Bahati, ambaye ulimi wake uliwasha kama upupu, alipita uani akasikia mtoto analia na mama yake amekaa tu anangoja.

"Faida! Mutoto wako ameandikwa kazi kwa Muzungu? Wakati gani atapewa jembe?"

Faida akainamisha kichwa. Mimi nikamwambia Mama Bahati kwamba mambo ya maendeleo hayaeleweki na kila mtu. Ndivyo nilivyosema, mwanangu, kwa mdomo huu huu.

Juma halikuisha, akaja mama mkwe. Kwa watu wake, mtoto mchanga hupakwa siagi ya ng'ombe kila asubuhi. Bibi yake humlaza kwenye mapaja, akamkanda kifua, akamnyoosha mikono na miguu, akamsemesha na kumwimbia. Alikuwa ametembea tangu alfajiri na kibuyu kidogo cha siagi alichokifunga kwenye kitambaa. Mama mkwe na mkwe hawakutazamana usoni siku zile, kwa hiyo alisema na binti yake, nami nikiwa mlangoni.

"Faida, leta mutoto nimupakale."

Kabla Faida hajainuka, nikajibu mimi. "Mama, aksanti kwa mafuta. Tutaipikia maharage. Mutoto haiko maharage."

Mama mkwe alikifunika kibuyu chake, akakifunga tena polepole kwenye kitambaa, akaondoka bila kunywa hata maji. Kwetu, mama mkwe kutoka nyumbani kwako na koo kavu si jambo dogo. Nililiona, lakini sikulipa uzito. Nilidhani nimeshinda.

Riziki alilia majuma mawili. La tatu alilia kidogo. Mwezi ulipokatika, hakulia tena. Alilala chali ndani ya fito zake, akitazama paa. Hapo fahari yangu ikapanda juu ya mti. Watu huwaita wenzao waje wasikie ngoma. Mimi niliwaita waje wasikie kimya. "Angalieni," niliwaambia, "mutoto ya heshima. Anajua saa." Wanaume wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Wanawake walichungulia kitandani, wakamtazama Faida, wakaondoka zao.

Macho hayana pazia, lakini kiburi ni pazia zito. Sikuona kwamba nikipita karibu, mtoto hanifuati kwa macho. Nikimwita, hageuki. Umri ambao watoto wa jirani walikuwa wakimchekea hata mbuzi, wa kwangu hakumchekea mama yake. Kengele ikilia, Faida akimweka titini, alinyonya mara tatu au nne kisha akaacha, kana kwamba kunyonya ni kazi ya mtu mwingine. Vigimbi vyake vilikuwa vyembamba kama vidole vyangu. Maziwa ya Faida nayo yakapungua, maana chemchemi isiyotekwa huziba. Halafu Faida mwenyewe akaanguka na homa.

Siku ya tatu ya homa hiyo, asubuhi yenye ukungu, akatokea Mzee Ruhigira. Alikuwa babu yake Faida, mchungaji tangu alipoweza kushika fimbo, mrefu, amepinda kidogo. Alikuja kumtazama mjukuu na chombo cha maziwa mkononi. Sijui kama mama mkwe alimtuma. Sikuwahi kuuliza, nami nimeuliza mengi.

Babu kwa mume wa mjukuu wake ana ruhusa ya mzaha. Akaingia akisema, "Mume mwenzangu, wapi bibi yetu? Umemuficha?" Akamwona Faida kwenye mkeka anatetemeka, mzaha ukamtoka. Akamgusa paji la uso, akamnywesha maziwa. Kisha akakiendea kitanda.

Akainama, akaweka kidole chake kikubwa katika kiganja cha Riziki. Mtoto mchanga, mwanangu, ukimwekea kidole hukishika. Hata aliyezaliwa jana hukishika. Riziki aliviacha vidole vyake wazi. Mzee akampulizia usoni taratibu. Mtoto akapepesa mara moja, akarudi kutazama paa.

"Nani amekufa hapa?" Mzee akauliza.

"Hakuna, Muzee."

"Basi kwa nini mumeanika mutoto kama pareto?"

Nikamweleza yote. Nikamweleza Walikale, mtoto mwekundu, chumba kizima chake, kengele, nguvu. Wachungaji wana subira. Alinisikiliza mpaka neno la mwisho.

"Uliingia mu ile nyumba?"

"Hapana, Muzee. Niliona ku dirisha."

"Saa gani?"

"Asubuhi. Saa ya kuni."

"Na mangaribi?"

"Mangaribi sikuwa ninafika, Muzee."

"Mama yake akimutoa mu kitanda, alikuwa anamufanya nini?"

"Sikuona, Muzee."

"Ee," akasema. "Uliona ng'ombe imelala, ukaenda kuambia watu ng'ombe haina miguu."

Mwanangu, nimetukanwa na wasimamizi, nimefukuzwa na wenye mashamba, lakini hakuna neno lililoniingia kama lile. Nilikuwa nikijisifu kwamba mimi ni mtu wa kuona. Kumbe niliona jambo kwa jicho moja, na kwa jicho moja hilo nilikuwa nikimzika mtoto wangu akiwa hai.

Mzee akaketi kwenye kigoda. Akasema kwa sauti ya chini, si kwa hasira, na maneno yake nayakumbuka hivi:

"Mi niko na ng'ombe tangu zamani. Ndama akianguka chini, mama yake anamulamba. Unafikiri ni kumusafisha? Mvua ingemusafisha. Anamuambia: uko, uko, uko. Ndama akisikia hivyo, anasimama, anatafuta titi. Ndama asiyelambwa hasimami. Maziwa iko pale pale juu yake, naye anakufa na njaa."

Hata katika hofu ile udadisi haukuniacha. "Na mama yake akikataa kumulamba?"

"Tunapakala ndama chumvi, mama aonje. Akikataa tena, muchungaji anachukua majani, anamusugua ndama yeye mwenyewe, mgongo, mbavu, miguu, mpaka anasimama." Akanionyesha viganja vyake, vigumu kama ngozi ya kiatu. "Na hizi mikono mi nimelamba ndama mingi. Sasa Faida iko mugonjwa. Muchungaji ni wewe. Vua shati."

Nilidhani sikusikia vizuri. Siku zile baba alimrusha juu mtoto aliyekwisha kukaa, akacheza naye jioni. Mtoto ambaye shingo yake haijakomaa alikuwa wa wanawake. Mwanamume kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, ilikuwa kama kuvaa kitenge cha mkeo.

"Vua," akarudia. "Ao nimupeleke kwetu nikamutie pamoja na ndama?"

Nikavua. Akamtoa Riziki kitandani, mkono mmoja chini ya shingo, akamlaza juu ya kifua changu, akatufunga pamoja kwa kitambaa cha Faida na kunivika koti juu. Alikuwa mwepesi kuliko gogo dogo kabisa nililowahi kubeba. Alikuwa baridi. Nikasikia moyo wangu ukipiga kwenye sikio lake, nami sikuwahi kujua hadi siku ile kwamba kifua changu kina kelele.

"Hutamuweka chini mpaka akutazame," akasema Mzee. "Atanyonya akitaka, ile kengele wachia wenye pareto. Na mafuta, utaenda kuiomba kwa ule uliyemufukuza."

Faida alikuwa akinitazama kutoka mkekani. Nikamwuliza kwa nini hakunikataza.

"Nilikuambia mara ngapi, Baba Riziki? Halafu niliogopa. Wewe uko na miguu mwepesi. Nikisema sana, utachukua barabara yako, nami nitabakia na mutoto na kitanda."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi yule alikuwa ameumeza uchungu wake mwezi mzima na nusu kwa sababu ya kuogopa miguu yangu.

Siku ya kwanza hakuna kilichobadilika. Nilipalilia maharage na mtoto kifuani, nikapika naye, nikakaa naye. Siku ya pili, hakuna. Alinyonya kidogo tu, lakini mara nyingi zaidi. Siku ya tatu nikaingiwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo hata chini ya mti unaoanguka. Nilimsemesha bila kukoma. Nilimweleza barabara zote nilizopita, mito, samaki wa Bweremana, kila kitu, kama mlevi anayezungumza na ukuta. Mzee aliyebaki kwetu siku zile alikuwa akipita, anagusa nyayo za mtoto, anasema, "Joto imekuja," basi.

Homa ya Faida ilipotulia tukaanza safari ya Mushaki. Mzee alitangulia, Faida nyuma yake na fimbo, mimi mwishoni na mzigo wangu ndani ya koti. Tulipumzika kila Riziki alipotaka titi. Tulipotokea kwenye barabara kuu, Mushaki ilikuwa imechangamka. Akina mama wenye maziwa, wenye kabichi na viazi, wamejipanga kando ya njia. Koti langu lilikuwa wazi kwa sababu ya jasho, na kichwa kidogo kikaonekana.

"Yesu wangu! Angalieni ile baba!"

"Papa, bibi yako amekufa?"

"Apana, uyu pale anatembea na fimbo. Basi ni bwana amezaa!"

"Papa, maziwa yako iko nzito? Tupe na sisi ya chai!"

Walicheka mpaka mmoja akashikilia mwenzake asianguke juu ya kabichi. Zamani ningetafuta shimo nijifiche. Lakini mtu aliyeona kaburi la mwanawe kwa mbali hana tena nafasi ya aibu. Nikasimama katikati ya barabara, nikamjibu yule wa chai kwa sauti kubwa: "Mama, leo ya mutoto haitoshi. Leta kikombe kesho asubuhi!"

Wakapasuka kicheko. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kicheko cha tumboni kilichokitikisa kifua changu chote.

Hapo nikasikia kitu kinasogea. Riziki alitoa shavu lake kifuani, akainua kichwa, shingo ikitetemeka kama bua la mtama, akanitazama. Hakutazama paa, wala mbingu. Alinitazama mimi, mdomo wangu uliokuwa ukicheka, kisha macho yangu. Na vidole vyake vikakamata nywele za kifua changu, vikavuta.

Nikapiga ukelele. Iliuma kweli! Sijawahi tena maishani kufurahia maumivu namna ile. Faida akatupa fimbo, akaja mbio kwa miguu yake ya homa. Wale akina mama walisogea karibu. Hakuna mama asiyejua alichokiona. Kisha yule wa chai akapiga vigelegele, na wengine wakampokea, barabara nzima. Mzee Ruhigira akajifuta uso kwa upindo wa shuka lake, akasema, "Anasimama."

Kwa mama mkwe niliingia nimeinama. Nilipiga magoti mlangoni, mtoto bado kifuani, nikasema, "Mama, nilikukosea. Nimekuja kuomba mafuta." Aliniacha pale muda wa kutosha, na alikuwa na haki. Kisha akasema, akimtazama Faida, "Uliza mume wako, sufuria ya maharage iko wapi?" Faida akaziba mdomo kwa mkono. Mimi nikasema, "Imetoboka, Mama." Nikasikia anacheka kwa pua.

Hakumchukua mtoto. Aliweka siagi kwenye jani la mgomba, akalisukuma mbele yangu kwa kijiti, maana mkono wake haukuweza kugusa wangu. "Faida, muambie apakale yeye mwenyewe." Na akanifundisha hivyo, kupitia kwa binti yake, neno kwa neno. Anza kifuani, fungua mikono kama unafungua kitabu. Shuka mbavuni. Mguu mmoja, halafu mwingine, kutoka pajani hadi kidole. Mtazame. Mwambie unafanya nini. "Muambie asiharakishe, ile haiko ubao!" Mikono yangu ya kupasua mbao, iliyojaa sugu, ililainika katika siagi ile, nami nikauona mwili wa mwanangu kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimeutazama kila siku. Nilipofika tumboni, Riziki alinyoosha miguu yote miwili, akatabasamu.

Tulikaa kule mpaka mashavu yake yakawa na duara. Tuliporudi Kibabi, kitanda kile Faida alikitia mbegu za viazi, nami sikusema kitu.

Miaka michache baadaye, nikiwa tena Walikale kwa shughuli nyingine, nilikutana na mtu aliyekuwa mpishi katika nyumba ile ya kambi. Nikamwuliza swali nililopaswa kuliuliza tangu mwanzo. Akanishangaa. "Ule mutoto? Mama yake alikuwa anamushika tangu saa ine ya asubuhi mpaka giza, anamuimbia, anamutembeza mu baraza. Mi nilikuwa ninachoka kumungojea aje kula! Wewe ulikuwa unakuja saa ya usingizi." Nikacheka peke yangu njia nzima.

Miguu yangu haikutulia, sitakudanganya. Lakini tangu hapo, kila nilipofika mahali, niliangalia mikono. Kwa wavuvi wa Bweremana niliona bibi akimwogesha mchanga kwa maji ya vuguvugu na kumkanda mgongo mpaka anasinzia kiganjani. Msituni Walikale niliona mtoto akipitishwa kutoka mkono hadi mkono kuzunguka moto, kila mtu akimgusa na kumtajia jina lake mwenyewe, ili awajue watu wake. Milimani kwetu, siagi. Sijakuta mahali watu wamekaa vizuri na watoto wao hawashikwi. Na mara hii niliingia kupitia mlango, nikakaa mpaka jioni.

Cheti cha shule sina. Nilichonacho ni hiki: Riziki ana watoto sita sasa, na kila mmoja wao, kabla hajatimiza mwezi, amelala juu ya kifua hiki. Waume wa mabinti zangu wote wanabeba watoto wao barabarani, na hakuna tena wa kuwacheka. Nilikuwa wa kwanza katika njia ile ya Mushaki, na nikifa, msiponisifia kitu kingine, nisifieni hicho.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe unayengoja mtoto wako wa kwanza. Mtoto hajui neno lako, wala cheo chako, wala nyumba uliyomjengea. Lugha anayokuja nayo duniani ni moja tu, nayo inazungumzwa kwa ngozi. Mshike. Akishikwa anajua yupo. Akijua yupo, atanyonya, atacheka, atasimama. Usiogope kumharibu kwa mikono. Nimewaona watu wengi walioharibika, katika kambi na mashamba na barabarani, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba alipendwa mno akiwa mchanga. Usimwachie mkeo kazi hiyo peke yake ukijificha nyuma ya uanaume. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkeo akikutazama kwa namna ambayo huielewi, mwulize, na umpe sababu ya kutokuogopa jibu lako. Na mtu akikuletea desturi mpya, ipokee, lakini kwanza uingie ndani ya nyumba ilikotoka, ukae, uone na jioni yake. Mzee akikukemea, vua shati.

Mungu aipe mikono yako joto. Akupe kifua kipana, na mtoto wa kukilalia, na mtoto wa mtoto huyo baada yake. Wakuvute nywele mpaka upige kelele, na kelele hiyo isikike kilima hadi kilima.